Dondoo muhimu: Maji moto walinde mikorosho

Maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, huwinda mbu wa mikorosho (wadudu wafyonzaji, si mbu wa kawaida) bila malipo. Kazi yako ni kutowaharibia.

1. Usiwachome moto wala kuwapulizia sumu kwa sababu wanauma. Sumu hiyo itakuachia wadudu wafyonzaji bila adui.

2. Kama shamba halina maji moto, kata viota pamoja na matawi yake alfajiri, vitie kwenye mfuko, kisha uvifunge kwenye mkorosho mwingine.

3. Chukua viota vya kundi moja tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: makundi mawili yakikutana hupigana hadi kuuana. Jaribu kwanza: weka chungu wachache wa kila kiota kwenye chombo kimoja, wakikamatana miguu, acha.

4. Kagua shina. Sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, wanaokaa ardhini, huwafukuza maji moto. Washughulikie kabla ya kuhamisha kiota.

5. Unganisha miti kwa kamba, wapite bila kushuka chini.

6. Usishtuke ukiwaona maji moto wakichunga vidugamba kwa ajili ya majimaji yao matamu. Vidugamba wakizidi na majani yakawa meusi, punguza matawi hayo.

7. Korosho huokotwa chini, hivyo usumbufu ni mdogo. Kwenye mwembe wenye maji moto, jipake majivu mikononi na uchume asubuhi mapema.

8. Una minazi? Wapandishe huko pia: humwinda mdudu anayedondosha nazi changa.