Mirathi na Karatasi za Serikali

Ndugu Waislamu, mara nyingi twaona katika mitaa yetu nyumba ambayo hati yake ingali na jina la babu aliyekufa zamani, na ndani yake wajukuu wagombana. Sababu si uchache wa mali. Alipokufa mwenyewe, watu walishughulika na khitma, wakasahau haki.

Tangu roho itokapo, mali ya maiti si ya kaka mkubwa wala ya ami mwenye sauti. Imefungamana na haki nne, kwa taratibu: gharama za maziko kwa kiasi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi, wala usiwe wa mrithi ila warithi wenziwe waridhie, kisha mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12.

Katika madeni huingia mahari yaliyobaki, deni la duka, na kodi ya Serikali. Wako wanaoficha mali wakidhani kuwa Serikali hutoza kwa sababu ya kufa mtu. Kodi hiyo ilikuwako Kenya, nayo ilifutwa mwaka 1982. Lakini kodi ya mapato aliyodaiwa marehemu alipokuwa hai haikufa pamoja naye. Ni deni, na msimamizi wa mali hana budi kuilipa kabla ya kugawa.

Ama karatasi, kwanza kifo kiandikishwe, kipatikane cheti chake. Kisha ziorodheshwe mali zote, madeni yote na warithi wote, wa kike kwa wa kiume, wala mke wa pili asifichwe. Shauri lipelekwe kwa Kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa uwezo wa kuhukumu mirathi, iwapo wote wenye shauri ni Waislamu na wameiridhia mahakama yake. Pasipo karatasi ya mahakama, afisi ya ardhi haiandiki jina la mrithi katika hati.

Tuchukue mfano. Mtu ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mali ya shilingi 2,000,000. Maziko na madeni ni 400,000, zabaki 1,600,000. Mke apata thumni, 200,000. Zilizosalia 1,400,000 zagawanywa mafungu manne: mwana wa kiume 700,000, na kila binti 350,000.

Sasa tujiulize: pilau ya arubaini imetoka fungu la nani? Ikiwa miongoni mwa warithi yumo mtoto mdogo, ridhaa yake haipo, na kila tonge ni mali ya yatima. Na Mwenyezi Mungu amewaonya walao mali ya yatima kwa dhuluma kwamba wala moto matumboni mwao.

Lililo baya zaidi ni mjane yumo edani, miezi minne na siku kumi hazijatimia, aletewa karatasi asiyoisoma atie kidole. Huo si usimamizi, ni unyang'anyi. Na asomewe kila neno mbele ya mtu amwaminiye.

Basi kila mmoja wetu na aandike leo anachomiliki na anachodaiwa, asiwaachie wanawe fitina. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza amana. Amin.