Mdogo Wangu, Kunja Goti Kwanza

Mdogo wangu wa Toronto, nimekusoma, na nimecheka kidogo kabla sijakuonea huruma. Una miaka 34, una mwaka mzima unajifunza kuteleza kwenye barafu, na kinachokukosesha usingizi ni kitoto cha miaka 7 kinachozunguka kama pia huku wewe ungali umeshika ukuta. Haya, nikuulize: kitoto kile kikianguka, kinatoka urefu gani hadi chini? Na kesho yake kina kazi ya kuwahi? Mwili wako unajua kuna kodi ya nyumba, ndiyo maana unakakamaa. Huo si uzee, ni woga, na woga haufukuzwi kwa kujitukana.

Ila kwenye huko kukakamaa ndipo ninapokugombeza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe kuinama hutaki! Unasimama wima, magoti umeyakaza, halafu unashangaa miguu inakukimbia. Chuma cha kiatu chako kina makali pande mbili, ya ndani na ya nje, na katikati kuna mfereji mwembamba. Ukikunja goti ukaegemea, makali ya upande mmoja yanauma barafu na kukuchukua kwenye mviringo. Ukijikaza wima unakwenda moja kwa moja, kona huioni. Zoezi hilo linachosha na hakuna wa kukupigia makofi, najua. Lifanye hivyo hivyo.

Sasa hilo la kutaka kuruka Axel kabla ya Krismasi, eti mwenzako ameweka video. Liache, nakuomba. Axel huanza ukitazama mbele, kwa hiyo hata ile ya kwanza kabisa ni mzunguko mmoja na nusu; wapo watu wazima wanaoihangaikia miaka. Ukivunjika kifundo utalala ndani miezi, na hasira zote utammalizia mumeo asiye na kosa.

Na nani kakwambia umechelewa? Kule Oberstdorf, Ujerumani, mashindano ya kimataifa ya watu wazima yalianza 2005, na hupokelewi kama hujatimiza miaka 28. Huko wewe ungeitwa mtoto.

Jumamosi nenda. Vaa glavu. Ukiona unaanguka usitangulize mikono: kunja magoti, angukia ubavu wa paja, kisha vidole vifumbe upesi kabla chuma cha mtu hakijapita. Na viatu hivyo vya kukodi vinavyolegea kifundoni, ukipata hela achana navyo. Nusu ya lawama unazojitwisha ni zao.