Pima Mwanya wa Ringi Kabla ya Kufunga Injini ya Pampu

Kiangazi hakimsubiri mkulima ambaye pampu yake ya maji imekufa. Mara nyingi ringi mpya hununuliwa na kufungwa jinsi zilivyotoka kwenye pakiti. Injini huwaka vizuri, kisha ikipata moto hukwama. Sababu moja ni kutopima mwanya ulio kati ya ncha mbili za ringi.

Ringi hutanuka kwa joto. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hugusana, ringi hukwaruza ukuta wa silinda na huweza kuvunjika. Ukiwa mkubwa mno, gesi huvuja kuelekea chini ya pistoni, nguvu hupungua na injini huwa ngumu kuwaka.

Hatua za kupima

1. Safisha silinda, kisha ingiza ringi moja peke yake. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa pande zote.

2. Kama silinda imetumika, pima upande wa chini wa mwendo wa ringi. Huko hailiki sana, hivyo ndiko kwembamba zaidi.

3. Pitisha geji ya vibamba vyembamba vya chuma kati ya ncha. Kibamba kinachopita kwa kubana kidogo ndicho kipimo.

4. Linganisha na kitabu cha injini. Kisipopatikana, kwa ringi ya juu ya injini ya petroli mafundi huzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004. Silinda ya milimita 68 huhitaji karibu milimita 0.27.

5. Mwanya ukiwa mdogo, piga tupa laini kwenye ncha moja, kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani. Ondoa kidogo kidogo na upime tena kila mara.

6. Mwanya ukizidi kiwango cha kitabu, usifunge. Huenda ringi si za saizi hiyo, au silinda imelika na inahitaji kuchongwa.

Wakati wa kufunga, upande wa ringi wenye alama uangalie juu. Mianya isipangwe kwenye mstari mmoja.

Mwenye pampu anaweza kumwomba fundi amwonyeshe kipimo kabla injini haijafungwa. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Silinda ikishakwaruzwa, gharama huwa ya kuichonga na kununua pistoni mpya pamoja na ringi zake.