Mzizi wa “soci”: Jifunze Mmoja, Uelewe Maneno Mengi ya Kiingereza

Kama umejiunga na SACCOS hapa Tanzania, itazame herufi ya mwisho ya jina hilo. Ile S ni “Society”, na maana yake pale ni chama. Wengi wetu tulikaririshwa shuleni kwamba “society” ni jamii, basi. Ndiyo maana mwanafunzi akikutana na Tanganyika Law Society anaandika “jamii ya sheria”, wakati hicho ni chama cha mawakili wa Tanzania Bara.

Dawa yake ni kuujua mzizi. Warumi walikuwa na neno “socius”, yaani mwenzi au mshirika. Ndivyo walivyowaita hata watu wa Italia waliopigana vita upande wa Roma. Mwaka 91 kabla ya Kristo washirika hao waliasi, kwa sehemu kubwa kwa sababu walinyimwa uraia, na vita hivyo huitwa kwa Kiingereza “Social War”. Ni vita vya washirika. Ukivitafsiri kama vita vya kijamii umepotea.

Kwa hiyo, kila unapoona “soci” ndani ya neno, anza kwa kufikiria watu walioungana, kisha iangalie sentensi. “Society” isiyotanguliwa na “a” wala “the” kwa kawaida ni jamii kwa ujumla. Ikiandikwa kwa herufi kubwa ndani ya jina la taasisi, karibu kila mara ni chama.

“Associate” linahitaji uangalifu zaidi. Likiwa kitenzi ni kuhusisha au kushirikiana. Likiwa nomino ni mshirika. Likitangulia cheo, huonyesha ngazi iliyo chini ya cheo kamili: “associate professor” ni profesa mshiriki. Na wewe unayeomba chuo Marekani, “associate degree” ni masomo ya takriban miaka 2. Usiichukulie kuwa shahada ya kwanza.

Hata soka limetoka humu. Chama cha soka cha Uingereza, Football Association, kilianzishwa London mwaka 1863, na mchezo wenye kanuni zake ukaitwa “association football”. Vijana wa vyuo vya huko wakalikata neno “association”, wakabakiza “soc”, wakapachika mwisho wao wa utani: “soccer”. Sisi tukapata soka.

Neno la kuogopa kwenye barua ya kuomba kazi ni “antisocial”. Watu hulitumia kwa mtu mkimya asiyependa makundi, lakini kwenye nyaraka za serikali ya Uingereza ni anayesumbua wenzake kwa kelele, vitisho au uharibifu wa mali. Kama wewe ni mpole tu, andika “quiet” au “reserved”. Mtu mchangamfu ni “sociable”. “Social” peke yake huhusu zaidi mambo ya watu na jamii, kama “social worker”, afisa ustawi wa jamii.

Matamshi nayo hubadilika. “Social” ni “sóushal”, lakini “society” ni “sasáiati”, mkazo ukiwa kwenye “sai”. Kitenzi “associate” huishia na “-eit”, nomino yake huishia na “-at” fupi. Yasome maneno haya kwa sauti yakiwa mawiliwili mpaka ulimi uzoee.