Maji Hayashuki Kooni? Tuanze na Ladha

Wasomi wenzangu, naomba nianze kwa kukiri. Muhula wangu wa kwanza hapa Dodoma niliumaliza karibu wote bila kunywa glasi ya maji kwa hiari yangu. Asubuhi chai, mchana soda, na maji kidogo ya kumezea kidonge kichwa kikiuma. Na kichwa kilikuwa kinauma kweli, karibu kila jioni. Mimi nikajua ni mambo ya kusoma sana.

Kwetu ni Tukuyu. Anayepajua atanielewa. Kule mvua inanyesha mpaka mtu anaomba ikatike, na maji tunayokunywa nyumbani yanatoka chemchemi, ya baridi, hayana ladha ya kitu chochote. Nilipofika hapa na kupiga funda la kwanza, nikadhani kuna mtu ametia chumvi. Nikamuuliza mwenzangu wa chumba, mwenyeji wa Kondoa, "Dada, haya maji vipi?" Akacheka. "Utazoea tu." Sikuzoea. Niliacha.

Wiki moja kabla ya UE haja ndogo ikaanza kuniunguza. Kila baada ya robo saa nakwenda chooni, nayatoa matone mawili matatu, narudi. Siku ya tatu ikaja homa, na maumivu ubavuni kwa nyuma ambayo yalinikunja kitandani. Zahanati wakapima mkojo: UTI, na imeshaanza kupanda kwenye figo. Nilipewa dawa nikapona, lakini mtihani mmoja ulinipita. Niliufanya Septemba, wenzangu wakiwa makwao wanakula mahindi ya kuchoma.

Siku ile zahanati, muuguzi mmoja wa makamo alinikalisha.

"Kwa siku unakunywa maji kiasi gani, mwanangu?"

"Kiasi, mama."

"Kiasi ndiyo kiasi gani? Niambie kwa chupa."

Nikanyamaza. Akauliza kwa nini sinywi. Nikamwambia yana chumvi. Akaitikia, akaandika, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na vyoo vya huko mnakosomea vikoje?"

Hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Maana ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajipangia: nikinywa maji asubuhi, saa nne nitahitaji choo, na choo cha karibu na ukumbi wa mihadhara mlango wake haufungi na ndani mara nyingi hakuna maji. Basi bora nisinywe. Ladha mbaya ilikuwa sababu ya kweli, lakini pia ilikuwa kisingizio kizuri. Ni rahisi kusema "sipendi maji" kuliko kusema "naogopa choo."

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo somo la makala hii: "sipendi maji" si jibu, ni mwanzo wa swali. Kuna kitu maalumu usichokipenda. Kitafute, kipe jina, halafu ukishughulikie hicho hicho.

Kwanza, ni maji mengi kiasi gani?

Wengi tunakata tamaa kwa sababu tunadhani tunatakiwa kunywa ndoo. Tufanye hesabu. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, mwaka 2010, iliweka kiwango cha lita 2 kwa siku kwa mwanamke mzima na lita 2.5 kwa mwanamume. Lakini hayo ni maji yote yanayoingia mwilini, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Chakula kinakadiriwa kuchangia kama asilimia 20. Kwa hiyo vinywaji vinabaki lita 1.6 kwa mwanamke na lita 2 kwa mwanamume.

Sasa toa chai. Ndiyo, chai inahesabiwa. Ile habari kwamba chai inakausha mwili haina uzito kwa mtu anayekunywa vikombe viwili vitatu. Vikombe viwili vya mililita 250 ni nusu lita. Kwa msichana kama mimi imebaki lita moja na kidogo.

Ila viwango hivyo ni vya mahali penye joto la wastani na kwa mtu mwenye shughuli za wastani. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, na upepo wake mnaujua. Hapa jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo unapoteza maji bila kuhisi umelowa. Ukicheza mpira jioni au ukitembea juani kutoka hosteli hadi darasani, ongeza. Mimi nimejiwekea chupa tatu za nusu lita, mbali na chai. Tatu tu.

Kama hupendi kupima, tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi ya manjano hafifu sana, uko vizuri. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mwili unakudai.

Pili, ladha inatoka wapi?

Maji safi kabisa hayana ladha. Tunachokionja ni vilivyomo ndani yake. Maji ya kisima kirefu yamekaa ardhini muda mrefu yakiyeyusha madini ya miamba: kalsiamu, magnesi, sodiamu na mengine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa maji yenye madini yaliyoyeyuka chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri kwa watu wengi, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Sehemu kubwa ya maji ya Dodoma mjini hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Kwa hiyo ulimi wangu wa Tukuyu haukuwa unadeka. Uliona tofauti ya kweli.

Kuna ladha ya pili, ya dawa. Hiyo ni klorini, inayotiwa kuua vijidudu. Wapo watu wanaoihisi hata ikiwa miligramu 0.3 tu kwa lita. Klorini ni hewa, hivyo inatoka. Weka maji kwenye chombo chenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa safi, yaache usiku kucha. Asubuhi harufu imepungua sana.

Ya tatu ni ladha ya maji yaliyochemshwa, ile tunayosema "yamepooza". Moto umefukuza hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Yakishapoa, yamimine mara kadhaa kutoka chombo safi hadi kingine, kama muuza kahawa anavyomimina. Yanarudi kuchangamka.

Angalizo moja: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi chumvi. Ule ukoko mweupe unaoganda kwenye jagi la umeme ni sehemu ya madini tu, hasa kalsiamu. Chumvi yenyewe inabaki. Usije ukachemsha mara tatu ukitegemea maji yawe matamu.

Tatu, jaribio la chumba chetu

Jumamosi moja, tulipokuwa wanne chumbani, tuliamua kulifanyia kazi jambo hili kisomi. Vikombe vinne. Cha kwanza maji ya kwenye ndoo yetu, yaliyochemshwa. Cha pili maji yaleyale yaliyochemshwa, ila yamehifadhiwa kwenye chupa ya glasi. Cha tatu, ya kwenye mtungi. Cha nne, ya mtungi pamoja na kipande cha ndimu. Anayeonja anafungwa macho kwa kanga.

Kikombe cha nne kilishinda, hilo tulilitegemea. Kilichotushangaza ni cha kwanza. Wote wanne tulikikataa, hata yule dada wa Kondoa aliyekuwa ananicheka. Tukainusa ndoo. Mwaka mzima ilikuwa inalowekewa nguo kabla ya kupandishwa cheo kuwa ndoo ya maji ya kunywa! Kumbe nusu ya ile "chumvi" niliyokuwa nailaumu ni sabuni.

Kwa hiyo kabla hujayalaumu maji, nusa chombo chako. Plastiki inashika harufu ya sabuni, ya mafuta na ya moshi wa jiko. Tenga chombo cha maji ya kunywa peke yake, kisugue kwa ndimu na maji ya moto, kianike. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za shambani usilitumie kabisa, hata ulioshe mara ngapi.

Mtungi nao una siri yake. Maji kidogo yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na yanapoondoka yanachukua joto. Hewa ikiwa kavu, kazi hiyo inafanyika vizuri zaidi. Maana yake, hali ya hewa ileile inayotukausha hapa Dodoma ndiyo inayotupozea maji bure. Na maji yaliyopoa yanaficha chumvi kuliko ya vuguvugu. Mwenzetu mmoja, mtu wa Unguja, akatufundisha la bibi yake: fukiza mtungi mtupu kwa ubani kabla ya kutia maji. Mimi nilidhani ni utani. Nilipoonja, niliomba kikombe cha pili.

Nne, vya kuongezea

Ndimu, ukwaju, tangawizi, majani ya mchaichai, iliki mbili zilizopondwa. Uchachu ndio hasa unaosaidia kwa maji ya chumvi. Na sisi tuliopo hapa tuna mibuyu kila upande: unga wa ubuyu kijiko kimoja kwenye chupa, bila sukari au na kidogo sana, unabadilisha kila kitu. Matunda nayo yahesabu. Tikiti maji zaidi ya asilimia 90 ni maji, na tango limezidi hapo.

Soda sikatazi, ila isiwe ndiyo maji yako. Chupa ya mililita 350 ya soda nyingi ina zaidi ya gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Mimi na soda zangu mbili nilikuwa nimeshavuka kabla ya chakula cha usiku.

Kama bumu limeingia, changeni mnunue dumu la lita 20 la maji ya kunywa, mchanganye nusu kwa nusu na yenu ya bomba yaliyochemshwa. Chumvi inapungua, na dumu linadumu mara mbili.

Tano, choo

Hapa ndipo penye ugumu, na hasa kwa dada zangu. Utafiti uliofanyika Bulgaria na kuchapishwa 2018 uliwachukua wanawake 140 waliokuwa wakipata UTI mara kwa mara na kunywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongeza lita 1.5 za maji kila siku, nusu wakaendelea kama kawaida yao. Baada ya mwaka mmoja, walioongeza maji waliugua kwa wastani wa mara 1.7, na wale wengine mara 3.2. Maji yanasafisha njia. Lakini yanasafisha kama unakwenda chooni. Ukinywa halafu ukabana mpaka jioni, umefanya nusu ya kazi.

Sisi wasichana wa korido yetu tulichanga tukanunua makomeo mawili, ndoo yenye mfuniko na kopo, tukaweka zamu ya kujaza ndoo asubuhi. Halikuwa jambo kubwa, na serikali ya wanafunzi inaweza kulifanya kwa majengo yote kwa fedha isiyofika ya tamasha moja. Naomba wagombea wa mwaka huu walisome hili vizuri. Huwezi kumwambia mtu anywe maji kama hujamwambia atakwenda wapi baadaye.

Tahadhari mbili

Usigeuke kuwa shujaa wa kunywa lita tatu kwa mkupuo ili kulipa deni la siku nzima. Figo zinaweza kutoa kama lita moja tu kwa saa, na maji mengi ya ghafla hushusha sodiamu ya damu kwa kiwango cha hatari. Haba na haba. Na mwenye ugonjwa wa figo au moyo afuate kiasi alichoambiwa na daktari wake. La pili: mkojo ukianza kuunguza, au homa ikaja na maumivu ya mgongo, nenda ukapime. Maji yanakinga, hayatibu. Mimi nilipoteza siku tatu nikisema "itaisha yenyewe."

Ratiba yangu sasa ni hii. Nusu chupa nikiamka, kabla ya simu. Ya kwanza naimalizia kabla ya mhadhara wa saa nne. Ya pili na chakula cha mchana. Ya tatu kati ya alasiri na magharibi, ili usiku nilale bila kuamka amka. Kichwa cha jioni kimepungua mno, ingawa siwezi kuapa kuwa ni maji peke yake, maana na soda nazo nimezipunguza.

Maji ya Dodoma bado yana chumvi, na nikifika Tukuyu likizo bado nakunywa ya chemchemi kama mtu aliyetoka jangwani. Lakini sisubiri likizo. Leo usiku, kabla hujalala, fanya kitu kimoja: chukua ndoo au chupa yako ya maji ya kunywa, fungua mfuniko, inuse. Anzia hapo.