Njia Mbili Baada ya Kidato cha Tatu

Wewe uliye kidato cha tatu hapa Busasamana, nawe wapenda sayansi, chagua kwa kufikiri. Katika elimu ya jumla mtihani wa taifa huja mara moja, mwisho wa kidato cha sita. Kemia uliyofundishwa kidato cha nne yaweza kuulizwa siku hiyo. Shule ya ufundi, tuseme ya umeme, hugawa mafunzo kwa moduli. Kila moduli hupimwa, na aliyeshindwa hupewa nafasi ya kupimwa tena. Lakini mwisho wa ngazi ya tano mtihani wa taifa upo vilevile! Wengi hawalijui hili, hukimbilia moduli kwa kuogopa mtihani. Atakaye udaktari na ashike njia ya kwanza, akidurusu daftari zake za zamani kila likizo, hata msimu wa kuvuna viazi.