Bodi ya Shirika la Mazingira: Nani Hubaki na Ahadi Mradi Unapokwisha?

Shirika la mazingira linapofika katani, wananchi hulitambua kwanza kwa vitu vinavyoonekana: gari lenye nembo, kitalu cha miche kando ya kijito, mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, na vikao vya kuhimiza majiko yanayotumia kuni chache. Huwafahamu kwa majina ofisa wa mradi na dereva wake. Hata hivyo, ofisa huyo hana mamlaka ya kuamua mambo makubwa. Kama mradi utaongezwa muda au utafungwa, kama fedha zitaelekezwa kwenye miche au kwenye semina, kama shirika litafunga na kijiji mkataba wa miaka mingi, hayo huamuliwa na watu wachache ambao pengine hawajawahi kukanyaga katani. Watu hao ni wajumbe wa bodi ya wakurugenzi.

Somo hili linaeleza bodi ni nini, kazi yake ni ipi, na mkazi wa kata anaweza kuiuliza nini kabla kijiji chake hakijatia saini.

Mkurugenzi yupi?

Neno "mkurugenzi" huwachanganya wengi, kwa kuwa hutumika kwa watu wa aina mbili. Katika halmashauri ya wilaya, Mkurugenzi Mtendaji ni mtumishi anayeendesha ofisi kila siku. Chombo kinachopitisha bajeti, kupokea taarifa na kumhoji ni Baraza la Madiwani.

Mpangilio wa shirika unafanana na huo. Mkurugenzi mtendaji wa shirika ni mwajiriwa. Anaajiri watumishi, anaandika maombi ya fedha kwa wafadhili, na anasimamia kazi za kila siku. Wakurugenzi wa bodi hawakai ofisini. Hukutana mara chache kwa mwaka, kwa kawaida bila mshahara, ili kutoa mwelekeo na kumsimamia mtendaji. Kwa kifupi, bodi ndiyo baraza la shirika.

Tofauti kubwa iko kwenye chanzo cha mamlaka. Diwani huchaguliwa na wananchi, na baada ya miaka mitano hurudi kwao kuomba kura. Mjumbe wa bodi huchaguliwa na wanachama wa shirika, au huteuliwa na wajumbe wenzake, kama katiba ya shirika inavyoelekeza. Mwananchi ambaye msitu wake unahusika huenda hana kura hata moja. Kwa sababu hiyo, hana budi kuijua njia nyingine ya kuifikia bodi, nayo ni kuuliza, kudai maandishi na kutumia sheria.

Mali isiyo na mwenyewe

Kampuni ya biashara ina wenye hisa. Ikipata hasara, wao ndio wanaoumia, kwa hiyo wana sababu ya kuwa macho. Shirika lisilo la kiserikali halina mwenye hisa. Waanzilishi hawaruhusiwi kugawana ziada, na fedha zinazoingia ni amana iliyotolewa kwa ajili ya kazi fulani: kulinda chanzo cha maji, kupanda mikoko, kuzuia moto wa nyika.

Mali isiyo na mwenyewe huhitaji mlinzi. Bodi huwekwa ili iwe mlinzi huyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa shirika, bodi ndiyo inayopaswa kulidai daftari hilo na kulisoma.

Kazi zake za msingi ni nne. Ya kwanza ni kulinda lengo, ili shirika lililoundwa kutunza msitu lisigeuke kuwa shirika la kufukuzia fedha yoyote inayotangazwa. Ya pili ni kumwajiri mkurugenzi mtendaji, kupima kazi yake, na ikibidi kumwondoa. Ya tatu ni fedha: kupitisha bajeti, kuhakikisha hesabu zinakaguliwa na mtu asiye wa shirika, na kujadili matokeo ya ukaguzi.

Ya nne, ambayo mara nyingi hupuuzwa, ni kuzuia mgongano wa maslahi. Mjumbe ambaye duka lake linauza miche hapaswi kushiriki katika kuamua miche inunuliwe wapi. Anatakiwa kutamka maslahi yake, kutoka nje ya kikao, na jambo hilo kuandikwa katika muhtasari. Vivyo hivyo, mwanzilishi akiwa mwenyekiti, mkewe mweka hazina na mdogo wake katibu, kikao cha bodi huwa kikao cha familia. Hata kama wote ni waaminifu, hakuna aliye tayari kuuliza swali gumu.

Mfano kutoka California

Mvutano kati ya bodi na mtendaji wake umeyapata hata mashirika makubwa. Mfano mmoja unaojulikana sana ni wa Sierra Club, shirika la mazingira lililoanzishwa mwaka 1892 katika jimbo la California, Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa John Muir. Bodi yake ina wakurugenzi 15 wanaochaguliwa kwa kura za wanachama.

Mwaka 1952 shirika hilo lilimwajiri David Brower kuwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Alikuwa mtu mwenye ari kubwa. Chini yake wanachama waliongezeka kutoka takriban 7,000 hadi zaidi ya 70,000. Aliongoza kampeni zilizozuia mabwawa katika eneo la Dinosaur na, baadaye, katika bonde mashuhuri la Grand Canyon. Mwezi Juni 1966 shirika lilichapisha matangazo ya kurasa nzima magazetini kupinga mabwawa ya Grand Canyon. Siku iliyofuata mamlaka ya kodi ililiarifu shirika kwamba wachangiaji wake hawangehakikishiwa tena nafuu ya kodi. Kampeni ikapata nguvu machoni pa umma, lakini mapato ya shirika yakatikiswa.

Mwaka huo huo ukazuka mgogoro wa pili. Kampuni ya umeme ilitaka kujenga mtambo wa nyuklia kwenye vilima vya mchanga vya Nipomo, pwani ya California. Ili kuviokoa vilima hivyo, bodi ilikubali kwa kura nyingi kwamba mtambo ujengwe mahali pengine, Diablo Canyon. Wajumbe wengi walipiga kura bila kuwahi kupaona mahali hapo. Brower na wenzake walipinga, wakisema bonde lisilojulikana limetolewa kafara kwa kuokoa linalojulikana. Suala lilipelekwa kwa wanachama mwaka 1967, nao wakaunga mkono bodi.

Mvutano haukuisha. Brower aliendelea kutumia fedha kwa vitabu na matangazo. Baadhi ya wajumbe, akiwemo mpiga picha maarufu Ansel Adams, walimlaumu kwa kutumia fedha na jina la shirika bila idhini. Katika uchaguzi wa bodi wa mwaka 1969, wagombea aliowaunga mkono walishindwa, naye akajiuzulu mwezi Mei. Mwaka huo huo alianzisha shirika jingine, Friends of the Earth. Miaka ya baadaye wanachama wa Sierra Club walimchagua kurudi, safari hii akiwa mjumbe wa bodi.

Mfano huu hauna mwema mmoja na mbaya mmoja. Mtendaji hodari aliokoa mabonde, lakini uhodari haukumpa haki ya kutumia fedha bila ruhusa. Bodi ilikuwa na mamlaka halali, lakini uhalali haukuifanya iwe sahihi ilipoamua juu ya ardhi ambayo wengi wake hawakuwa wameiona. Kilicholinusuru shirika lisivunjike ni kwamba ugomvi ulikuwa na mahali pa kumalizikia: kura za wanachama, matokeo yaliyohesabiwa, na uamuzi ulioandikwa. Shirika lisilo na mahali kama hapo, likikumbwa na mgogoro, huweza kugawanyika usiku mmoja, na wanakijiji wakabaki na miche mikononi.

Sheria ya Tanzania inasemaje

Nchini Tanzania, mashirika haya huongozwa na Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, pamoja na marekebisho yake, hasa yale ya mwaka 2019. Anayeomba usajili huwasilisha katiba ya shirika, muhtasari wa kikao wenye majina na saini za waanzilishi, taarifa za viongozi, na anwani ya makao makuu. Kwa hiyo, shirika lililosajiliwa haliwezi kudai kwamba halina katiba au kwamba viongozi wake hawajulikani. Tangu marekebisho ya 2019, cheti cha usajili hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Sheria hulitaka shirika kuandaa kila mwaka taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa, na kuziwasilisha kwa Msajili. Taarifa hizo hazikukusudiwa kufungiwa kabatini, kwani umma nao unapaswa kuzipata. Mikoani na wilayani wapo Wasajili Wasaidizi, na mkazi anayetaka kuwafikia anaweza kuanzia kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii.

Baadhi ya taasisi za mazingira huwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu. Jina linatofautiana, lakini swali la msingi halibadiliki: nani ameshika amana, naye anajibu kwa nani?

Ardhi ina kinga yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Uamuzi wa bodi, hata ukipitishwa kwa kauli moja, huifunga bodi na shirika lake tu. Hauwezi kuchukua nafasi ya mkutano mkuu.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi kwa mazingira

Kisima kikichimbwa, mwananchi hupima faida yake mwaka huo huo. Msitu hauendi kwa kasi hiyo. Mche wa mninga au mpingo huhitaji miaka mingi kabla haujawa mti wa kuvunwa, ilhali miradi mingi ya wafadhili hupangwa kwa miaka michache. Mikataba ya biashara ya hewa ukaa, ambayo tangu 2022 ina kanuni zake nchini, huweza kukifunga kijiji kwa makumi ya miaka.

Katika muda huo, ofisa wa mradi atahama. Mfadhili atabadili kipaumbele. Mkurugenzi mtendaji atastaafu au ataajiriwa kwingine. Wajumbe wa bodi nao watabadilika, lakini bodi yenyewe hubaki, ikiwa na mihutasari yake, mikataba yake na wajibu wake. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo na ofisa chini ya mwembe huondoka naye. Ahadi iliyopitishwa na bodi, ikaandikwa katika muhtasari na mkataba, ndiyo ambayo mjukuu wa leo anaweza kuja kuidai.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini

Shirika linapoomba kufanya kazi katika kijiji au mtaa, wakazi wanaweza kuuliza haya katika mkutano, na kuomba majibu yaandikwe:

1. Shirika limesajiliwa wapi, na cheti chake kinamalizika lini?
2. Wajumbe wa bodi ni akina nani, wanapatikanaje, na wanakaa madarakani kwa muda gani?
3. Je, yumo mjumbe anayeishi katika eneo la mradi, au aliyewahi kulitembelea?
4. Je, wamo wajumbe walio ndugu wa mkurugenzi mtendaji, au wanaoliuzia shirika bidhaa na huduma?
5. Hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita ziko wapi, na zinaweza kusomwa mkutanoni?
6. Je, bodi imepitisha mkataba huu? Uko wapi muhtasari wa kikao hicho?
7. Mradi ukiisha au shirika likifungwa, mali, kitalu, mizinga na vifaa vya doria vitakuwa vya nani?
8. Mwananchi mwenye malalamiko dhidi ya ofisa wa shirika ampelekee nani katika bodi, na kwa anwani ipi?

Maswali haya si dharau wala ukosefu wa shukrani. Shirika lililopangika huwa na majibu tayari. Lenye kusitasita linahitaji kupewa muda, na mkataba usubiri mpaka majibu yaletwe. Mtendaji wa Kijiji ayaingize maswali na majibu katika kumbukumbu za mkutano, na nakala ibaki ofisi ya kata.

Msitu ukishafyekwa, au chanzo cha maji kikishakauka, muhtasari wa kikao hauwezi kuvirudisha. Swali lililoulizwa mapema, mbele ya mkutano, na jibu likaandikwa, huweza kuvilinda.